Kopo Lililokataa Kudondoka

Jamani, leo nimepata aibu ya mwaka mzima, na nimeimaliza yote kabla ya saa ya chai. Naandika nywele zikiwa bado za kijivu (mtaelewa mbele), kwa sababu jirani yangu Rashidi amerekodi kila kitu, na Rashidi namjua. Jua likizama, video itakuwa imeshazunguka mtaa wetu wote wa Makole na kuvuka mpaka Miyuji. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Tuanze na mama yangu.

Kila mwaka mtama ukianza kukaza punje, mama anapanda dungu shambani kwake Ihumwa. Kile kijukwaa cha miti chenye paa la nyasi, ndiyo nyumba yake ya msimu. Kunakucha yuko juu, jua linazama yuko juu. Anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo, anawatukana kwelea-kwelea kwa Kigogo mpaka na ukoo wao. Msimu ukiisha hana sauti kabisa. Mwaka jana alinipigia simu kwa namba ya jirani, nikasikia libaba fulani linakoroma, "Mwanangu, hujambo?" Nikadhani ni matapeli. Nikakata.

Mama mzazi! Nikamkatia simu!

Siku ile nikaapa. Nikasema mwaka unaokuja mama hapandi dungu, labda nife. Na mimi nikiapa nimeapa. Nilisoma uhandisi jioni kwa miaka, mchana nafunga waya za bodaboda, jioni nasinzia kwenye dawati, na cheti nikakipata. Kimetundikwa kibandani kwangu juu ya kalenda, wateja wote wanakiona (hata wasiotaka).

Basi nikapata droni mbovu. Ilikuwa ya jamaa mpiga picha wa harusi, iliingia kwenye sufuria la pilau la watu, akaichukia. Mimi nikaifufua. Ni kubwa, ina nguvu, nadhani inaweza kubeba mtoto wa mbuzi (sijajaribu, msinishitaki). Kibali cha kuirusha kipo, kikundi cha wakulima kilikiomba, kwa hiyo wale ndugu zangu wa maswali tulieni.

Tatizo ni kwamba kwelea-kwelea hawaogopi droni tupu. Siku mbili za kwanza wanashtuka. Ya tatu wanaitazama kama sisi tunavyoitazama ndege ya abiria: inapita, haina habari na sisi. Nikaona lazima idondoshe kitu. Kitu chenye kishindo!

Hapo ndipo nikaingia kusoma habari za ndege za vita.

Jamani, kumbe ni elimu! Mtu ukiona bomu chini ya bawa unadhani limefungwa tu kama kuku kwenye baiskeli. Thubutu! Mgongoni lina pete mbili, moja mbele, moja nyuma. Juu yake kuna kibebeo chenye kulabu mbili, kila kulabu inashika pete yake. Pembeni kuna mikono ya chuma inayoubana mzigo mabegani ili usiyumbe ndege ikikata kona. Kisha kuna pini za usalama zenye utepe mwekundu mrefu. Pini ikiwa ndani, kulabu haifunguki hata ukiibembeleza. Fundi wa chini anazichomoa dakika za mwisho, anazinyanyua juu rubani azione: hizi hapa, zimetoka, nenda salama. Rubani akibonyeza, kulabu zote mbili zinaachia kwa pamoja, na hapohapo kuna kisukumio kinaupiga mzigo teke uende zake.

Teke la nini? Kwa sababu ndege ikiwa kwenye kasi, upepo unaweza kuunyanyua mzigo ukaigonga ndege yenyewe iliyoubeba. Yaani ni kama mgeni akiaga: humwachi mlangoni, unamsindikiza mpaka barabarani ujue kweli kaondoka.

Nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikatengeneza kibebeo changu. Kulabu za chuma cha keria ya bodaboda. Mota ya redio ya zamani. Pini za spoku. Kisukumio ni springi ya kiti cha pikipiki, nimeikata (ina hasira mpaka leo). Utepe mwekundu nikamnyofolea Rashidi kwenye jora lake. Rashidi ni Mrangi wa Kondoa, anauza vitambaa kibanda cha pili kutoka kwangu, na mdomo wake hauna pini ya usalama.

Mzigo wenyewe ni kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani nimetia kokoto za kupiga kelele, na majivu, ili likitua litoe wingu watu walione kwa mbali. Kifuniko nimekifunga kwa mpira tu, likibamizwa kifunguke.

"Sasa wewe Mgogo," Rashidi akaniuliza, "likishadondoka, nani anakwenda kuliokota katikati ya mtama?"

"Hilo ni la awamu ya pili," nikamjibu.

(Hakukuwa na awamu ya pili.)

Leo ndiyo ilikuwa siku. Kikundi kimekaa kwenye ukingo wa shamba la mama, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikeka, kimekuja kuniona na kuamua. Wakikubali, droni inalinda mashamba yote msimu huu. Wakikataa, kila mtu arudi kwenye dungu lake, na wa kwanza kupanda ni mama yangu. Mama mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, khanga kiunoni, kombeo mkononi. Hajaniamini, nikaona kabisa. Nikasema moyoni: mama, hilo kombeo leo utalitundika.

Mwenyekiti ni Mzee Ndahani. Mzee makini, haongei ovyo, shamba lake limepakana na la mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo hii?"

"Ndiyo yenyewe."

Nikaanza kumweleza. Kulabu, pete, mikono, kisukumio. Nilieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikajipenda. Akaninyooshea kiganja.

"Ngoja, kijana. Umesema hiki kitu ni cha ndege za vita?"

"Kibebeo tu, mzee. Kopo ni la maziwa."

"La maziwa ya nani?"

"Ya mtoto wa dada."

"Ahaa." Akaridhika. Sijui aliridhishwa na nini, lakini sikuuliza.

Nikapiga magoti kando ya droni. Nikachomoa pini ya mbele. Nikaitia mfukoni. Mkono ndio huo unakwenda kwenye pini ya nyuma, nikasikia fimbo inagonga ardhi nyuma yangu.

Babu Chibago!

Babu Chibago ndiye mkubwa kuliko wote pale. Na kwetu mzee wa namna ile humsalimii huku mkono umeshika kazi, unamwangalia kwa jicho moja. Unaacha. Unainuka. Unamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Wa nyumbani wazima?"

"Wazima, babu."

"Ng'ombe?"

"Wazima." (Sina ng'ombe. Naishi chumba kimoja Makole. Lakini salamu ni salamu.)

"Mbuzi?"

"Wazima."

"Na mvua huko mjini?"

Tukasalimiana mpaka tukafika kwa marehemu baba yake. Kumkatiza haiwezekani, mama ananitazama. Alipomaliza na kutafutiwa kiti, nikarudi kwenye mashine. Nikajiuliza: pini nimetoa? Nikatia mkono mfukoni, nikagusa chuma. Nikagusa na kingine. Viwili! Basi zimetoka zote.

(Cha pili kilikuwa ufunguo wa kufuli la kibanda.)

Nikasimama, nikasogea nyuma, nikawasha. Mapanga yakaanza kuzunguka, vumbi jekundu likatimka, watu wakashika kofia. Droni ikainuka kwa heshima kama askofu.

"Kazuri!" Mama Neema akashangilia. Mama Neema ni mweka hazina wa kikundi, na hushangilia kila kitu cha watu. "Na hako kakitambaa kekundu kanakopepea hapo chini, mbona umekapamba hivyo!"

"Asante, mama," nikamwambia.

Jamani, nilimshukuru! Mtu ananionyesha kwa kidole kosa langu, kubwa, jekundu, linapepea hewani, na mimi namwambia asante mama!

Kwelea-kwelea walikuwa wametanda upande wa pili wa shamba, milioni tano hivi (Rashidi anasema elfu moja, lakini Rashidi ni wa vitambaa, hajui ndege). Nikaipeleka droni juu yao. Wala hawakujisumbua. Walikuwa wanakula kama wamealikwa.

"Angalieni sasa!" nikapaza sauti. "Moja! Mbili!"

Nikabonyeza.

Kulabu ya mbele ikaachia, safi kabisa. Springi ikapiga teke. Kulabu ya nyuma ikakaa na pini yake, imetulia, haijui kinachoendelea. Kopo likachomoka upande mmoja, likainama mdomo chini, likabaki linaning'inia kwa pete moja. Linapiga bembea. Kokoto ndani: kacha-kacha-kacha-kacha!

Wote ukingoni wakanyoosha shingo.

"Ndiyo imedondosha?" Babu Chibago akauliza.

"Bado kidogo, babu."

Nikabonyeza tena. Kacha-kacha. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nikabonyeza kwa vidole gumba viwili. Nikakata kona ya ghafla kushoto ili kopo lichomoke lenyewe. Likajizungusha kama mtu aliyeitwa kucheza ngoma. Nikakata kulia. Nikaipandisha, nikaishusha. Nilishasema mimi nikiapa nimeapa: kopo lile lingedondoka leo hata kama ni jioni!

"Imegoma kama punda," Mama Neema akasema.

"Haijagoma, mama. Inafikiria."

Sasa, kopo likibembea, droni inahangaika kujiweka sawa, na ikihangaika inakula betri. Rimoti ikaanza kulia. Pii, pii, pii. Na mimi kwa ufundi wangu nilikuwa nimeipanga kwamba betri ikikaribia kuisha, iache yote irudi yenyewe pale ilipoondokea.

Na ilipoondokea ni wapi? Mbele ya viti vya wazee.

Ikageuka. Ikaja. Haikusikiliza tena rimoti, inasikiliza nyumbani. Inakuja chini kwa chini juu ya masuke, kopo linapiga kacha-kacha-kacha, majivu yameanza kuvuja kifunikoni kama moshi, na mimi nakumbuka vizuri kabisa kwamba robo saa iliyopita niliwaeleza hawa watu habari za mabomu.

Wakakumbuka na wao.

"Kimbieni!" akapiga ukunga mtu mmoja, na sitamtaja kwa kuwa ni mwenyekiti wetu.

Viti vikalala. Mikeka ikabaki na viatu. Mama Neema, aliyekuja akichechemea na kutulalamikia goti njia nzima, alikata mbio nikaona nyayo tu. Mzee Ndahani aliruka uzio wa miiba bila kuugusa. Babu Chibago peke yake alibaki kitini, akajifunika koti usoni, akasubiri.

Droni ikafika juu ya alama yake, ikaanza kushuka. Kopo likagusa ardhi kwanza. Droni ikadhani imetua, kisha ikaona haijatua, ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Kila ikishuka kopo linapiga chini, paa! Kila likipiga, huko porini nasikia mtu anasema Mungu wangu.

Ndipo nikauona ule utepe mwekundu. Nikatoa vitu mfukoni. Pini moja. Ufunguo mmoja.

Nikauelewa ulimwengu.

Mtu mwenye akili angengoja betri iishe. Lakini mama alikuwa amesimama palepale, hajakimbia, ananitazama, na kombeo amelishika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nikasema hapana. Hiki kibebeo kitaachia mzigo wake mbele ya mama yangu leo.

Nikaenda kwa magoti, kichwa chini nisikutane na mapanga, natambaa kama kijana aliyekwenda kuomba msamaha ukweni. Nikafika chini ya mashine ikiwa imepanda. Nikanyoosha mkono, nikaukamata utepe. Nikavuta.

Pini ikatoka. Kulabu ikaachia hapohapo, maana amri ya kuachia ilikuwa inaisubiri tangu zamani. Kopo likashuka.

Utosini kwangu.

Kifuniko kikafunguka kama nilivyokipanga. Wingu likatoka kama nilivyolipanga. Majivu ya meko ya mama, ya wiki nzima, yote yakaingia kichwani, machoni, puani, mdomoni, na kokoto zikashuka ndani ya kola moja moja kama zinahesabiwa. Halafu droni, ikiwa haina mzigo tena, ikatua kando yangu taratibu, kwa adabu zote, ikazima.

Nataka iandikwe: kibebeo kilifanya kazi. Mashahidi wapo.

Babu Chibago akafunua koti, akanitazama, akasema, "Sasa ndiyo imedondosha."

Mama akaja mbio. "Mwanangu, umeumia?"

"Hapana, mama." Nilipofungua mdomo kusema hivyo likatoka wingu dogo. Mama akajaribu kuvumilia, namuona kabisa anavyojaribu, mdomo unatetemeka. Akakaa chini kwenye tuta akacheka mpaka akalishika kombeo kifuani. Hapo wote wakarudi kutoka vichakani, wanacheka kabla hata hawajajua kimetokea nini. Rashidi simu ameinyoosha, anatoa machozi: "Shabaha! Fundi kapiga shabaha! Rudia, kaka, kwa upande huu kuna mwanga!"

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu. Nimeshindwa, basi. Mama atapanda dungu, nitapigiwa simu na lile libaba. Nilikuwa najiambia hivyo huku natema majivu, ndipo nikamsikia Mzee Ndahani anapiga kelele nyingine, tofauti.

"Mtama wangu! Jamani, mtama wangu!"

Tukageuka. Shamba la mama lilikuwa jeupe, halina ndege hata mmoja. Kopo lilipokuja linapiga kacha-kacha juu ya masuke, kwelea-kwelea wote waliinuka kama blanketi linalokung'utwa, wakahama. Sisi tulikuwa tunakimbia, hatukuona. Na walikohamia ni shamba la pili. La mwenyekiti.

"Kijana!" Mzee Ndahani akanijia, miiba bado imemning'inia kwenye suruali. "Lirushe tena lile kopo!"

"Sawa, mzee. Nikiliweka sasa, nitatoa pini zote mbili, halafu litadondoka vizuri kabi..."

"Lisidondoke! Nani kakwambia lidondoke? Lining'inie! Lining'inie vilevile!"

"Lakini mzee, kibebeo..."

"Achana na kibebeo! Funga kamba!"

Ndugu zangu. Kulabu mbili zinazofunguka kwa pamoja. Mikono ya kubana mzigo usiyumbe. Kisukumio. Pini zenye utepe. Vyote nikavifungua kwa bisibisi mbele ya hadhara, nikaviweka kwenye ndoo, na Mama Neema akanikabidhi kipande cha kamba ya katani alichofungia mkeka.

Nikaweka betri ya pili. Nikafunga kopo kwa kamba, liyumbe litakavyo. Uso mweupe, macho mekundu, nikairusha. Kacha-kacha-kacha juu ya shamba la mwenyekiti. Kwelea-kwelea wakainuka, wakaenda zao upande wa reli na hawakurudi. Nikaambaa mashamba yote. Hakuna aliyecheka tena, walikuwa wanaelekeza tu: huku, fundi! Na huku! Kikao kilichukua muda wa kunyoosha mikono. Imepita. Msimu mzima, mashamba yote, kwa kamba.

Nikamwendea mama, kifua mbele (majivu yanadondoka nikitembea). "Mama, nilikwambia. Kuanzia leo hupandi tena dungu."

Akaniangalia kama nimesema upuuzi. "Nisipande? Nikikaa chini nitawaona wapi hao ndege, na mtama umenizidi kimo?"

"Nitakuwa naona mimi, mama."

"Wewe hukuona kitambaa chekundu. Lete."

Akaichukua rimoti. Akapanda.

Basi mkipita Ihumwa mkamwona mama mmoja juu ya dungu anaendesha ndege kwa mikono miwili, na bado anawatukana kwelea-kwelea kwa mdomo palepale, kwa sauti yote, tafadhali msicheke: huyo ni mama yangu, na yule wa kijivu anayepanda na kushuka ngazi na betri ndiye mhandisi.